Kadi ya Kwanza Katika Kopo la Bi Siti

Bi Siti Rajabu Kitwana anastaafu Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Njia Nne Vifurushi kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa Mei 1993 kama mpiga chapa, na anaondoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Katika muda huo ofisi yetu imehama mara mbili bila kuvuka Mtaa wa Sikukuu, magari ya mikoani yameongezeka kutoka mawili hadi kumi na tisa, na vitumbua vyake vya Ijumaa havijawahi kukosa hata wiki moja, labda akiwa likizo ya uzazi.

Kazi ya kompyuta hakuiomba. Mwaka 1994 ilipoletwa mashine yetu ya kwanza ya mfumo wa Unix, kioo cheusi na herufi za kijani, mafundi waliotuuzia walikaa siku tatu wakaondoka. Ofisi nzima iliiogopa. Bi Siti akaazima kitabu cha maelekezo yake, akaenda nacho nyumbani kwake, mtaa wa Gerezani, akakirudisha baada ya mwezi kikiwa na madoa ya mchuzi na yeye akiwa fundi. Kiyoyozi hakikuwapo, na vumbi la Kariakoo mnalijua, hivyo kila jioni aliifunika mashine kwa kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Kanga ile ilikuwa bado ipo nilipoanza kazi, imepauka lakini inasomeka.

Kwa wenzetu wa ghalani ambao hamjui hasa alikuwa anafanya nini kule ndani, nieleze kidogo. Kompyuta kubwa ni nyumba ya kupanga. Ina akaunti kuu, yenye funguo za vyumba vyote na isiyokatazwa kitu. Mwenye nyumba mzembe huacha kila mpangaji atembee na funguo hizo. Bi Siti hakukubali. Programu ya lebo ilipewa akaunti yake, ikaona faili zake tu. Ya ratiba za magari vivyo hivyo. Kisha kila moja aliiwekea kikomo: kiasi cha kumbukumbu, idadi ya faili, idadi ya nakala zake zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ikizidisha, mfumo unaikatalia, na nyingine zinaendelea na kazi kama kawaida.

Haya yote aliyaandika kwa mkono kwenye kadi, kila programu na kadi yake, akazipanga ndani ya kopo la biskuti. Hakuna programu iliyowashwa kabla kadi yake haijaingia koponi. Vijana wa mapokezi walimbatiza Bi Kibaba kwa vile anavyopima. Naye alifurahi, akawajibu kwamba kibaba chake kikifurika kinamwaga cha kwake, hakimwagi cha jirani.

Sasa niseme langu, maana ndilo lililonifanya niombe kuandika wasifu huu. Wiki ya Idi mwaka 2012 nilikuwa na miezi saba kazini. Programu ya kuwatumia wateja ujumbe kwamba mizigo imefika ilikuwa inagonga kikomo kila mara na kukatwa. Wateja walilalamika, nami niliona aibu. Bi Siti alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaiondolea kikomo na kuiwasha kwa akaunti kuu ili isisumbuliwe na mtu. Kadi sikuandika.

Ikaanza kujizalisha. Kwa kila ujumbe uliokwama ilifungua nakala nyingine, hadi kumbukumbu yote ikaisha. Lebo zikagoma, ratiba zikagoma, magari ya Mbeya, Tanga na Mwanza yakasimama, na mikokoteni ikaziba mtaa hadi kwa wauza vitenge. Aliporudi, hata yeye mashine haikumfungulia. Ilibidi aizime kwa mkono. Saa nne nzima, wiki ya Idi!

Mwanzilishi wetu, Mzee Polycarp Massawe, ambaye yupo meza kuu kwenye hafla hii leo na atanisahihisha nikikosea, alikuwa ameshaandika barua ya kunifukuza. Ilibaki muhuri tu. Kadi za mchango wa harusi yangu zilikuwa zimeshasambazwa ofisi nzima. Nilisimama mbele ya meza yake nikijua nimekosa.

Bi Siti akaingia na kopo lake. Hakunitetea hata kwa neno moja. Alisema wazi kwamba nimefanya upumbavu. Kisha akachomoa kadi iliyokuwa chini kabisa, iliyogeuka njano, akaiweka juu ya barua. Haikuwa ya programu. Iliandikwa: "Siti. Asitumie akaunti kuu kwa kazi za kila siku. Asifute chochote bila mtu wa pili kukaa pembeni yake. Machi 1998."

Hapo ndipo nilipojua. Mwaka huo, akiwa na haraka na akaunti kuu mkononi, alifuta orodha nzima ya wateja. Siku tisa Mzee Polycarp alimsomea majina kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, naye akayaandika upya, na ofisi ikaambiwa kwamba diski iliharibika. Mtu wa kwanza Bi Siti kumwekea kikomo alikuwa yeye mwenyewe. Mzee aliisoma kadi ile, akamrudishia, akaichana barua. Mimi nikapewa kadi tupu na kalamu. Yangu ni ya pili kutoka chini.

Ijumaa iliyopita Bi Siti aliniita. Bahasha ambamo nenosiri la akaunti kuu hufungiwa ilikuwa imefunguliwa, na kwenye kioo alikuwa ameshaandika amri moja tu: kufuta akaunti yake mwenyewe. Hakubonyeza. Akanivutia kiti, akanikumbusha kwamba kadi yake haijabadilika, akaniambia nikague. Niliusoma mstari ule mara tatu nikitafuta kosa, hata la herufi moja. Halikuwapo. Ikabidi niseme sawa.

Bi Siti, ahsante kwa vitumbua, kwa ukali wako, na kwa harusi yangu iliyofanyika nikiwa bado na kazi. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wanaokusikiliza kuliko tulivyokusikiliza sisi. Kadi yako tumeiacha pale pale, chini kabisa ndani ya kopo. Na ukipita Kariakoo, panda juu ofisini: kiti cha mtu wa pili kando yangu kipo, na sasa ni chako.

Ismail Shaibu
Kitengo cha Kompyuta