Pampu ya Kichwa cha Umeme

Basi likipanda mlima kutoka Mbamba Bay, Mama Beatha, ambaye treni hajawahi kuipanda, alikuwa akimbishia jirani yake wa kiti, fundi wa treni aitwaye Crispin. "Kichwa cha treni cha umeme na cha dizeli vitakuwaje ndugu, mwanangu?"

"Mama, bodi moja, breki zile zile. Mwezi Juni kichwa cha dizeli kilitufia pampu ya breki karibu na Morogoro. Tukachomoa ya kichwa cha umeme kilichokuwa kimeegeshwa hapo, tukaipachika, tukaondoka. Ndani ya behewa kulikuwa na binti mwenye uchungu wa kuzaa, anamlilia mama yake kwa Kinyasa, lugha ya kwenu ziwani."

Mama Beatha akamgeukia. Binti yake Loveth alijifungulia Morogoro, Juni hiyo hiyo, aliposhuka tu treni.

Basi liliposimama Mbinga, akampa fundi furushi la usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliokuwa akiwapelekea wakwe. "Undugu wa vichwa bado nakataa," alisema. "Lakini usipa huu kale wewe."