Sauti ya Uwanja wa Viktoria: Maisha ya Mzee Eckhard Wiesner (1951–2024)

Marehemu Mzee Eckhard Wiesner, ambaye wengi mjini Brakenhagen, Ujerumani, walimfahamu kwa sauti kuliko kwa sura, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951. Alikuwa mtoto wa tatu wa Bwana Konrad Wiesner, mfua vyuma katika kiwanda cha pampu cha Hollenkamp, na Bibi Adelheid. Alizaliwa katika nyumba za kiwanda, kando ya mfereji, na ukiacha miaka yake mitatu ya mwisho, hakuwahi kuishi chini ya paa lisilo la Hollenkamp.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa huo kuanzia mwaka 1957 hadi 1966. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, lakini kila Krismasi mwalimu alimteua yeye asome Injili kanisani. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza aliposimama kusoma, bibi mmoja wa benchi la nyuma, mwenye masikio mazito, alimgeukia mwenzake akauliza ni nani amewasha redio.

Mwaka 1966 aliingia Hollenkamp kujifunza ufundi umeme, akabaki hapo hadi alipostaafu mwezi Julai 2014. Kazi ya pili, ile iliyompa jina, ilimjia bila kuitafuta. Mwaka 1983 alipelekwa kutengeneza nyaya za vipaza sauti katika uwanja wa klabu ya soka ya Viktoria. Akaambiwa aseme lolote wajaribu mitambo. Kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, alisoma orodha ya wachezaji iliyokuwa mezani. Jumamosi iliyofuata walimrudisha atangaze mechi, na hawakumwachia tena.

Alifunga ndoa na Bi Hannelore Stapel tarehe 22 Oktoba 1976. Ilikuwa Ijumaa, kwa sababu Jumamosi Viktoria ilikuwa na mechi nyumbani, na bwana harusi, wakati huo shabiki tu, hakuona haja ya kulijadili. Bi Hannelore alipenda kusema kwamba fungate yake ilikuwa soseji ndani ya mkate, kwenye mvua, na timu ikafungwa. Walijaliwa watoto wawili, Birgit na Uwe. Mwaka 1998 Bi Hannelore aligundulika kuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na baada ya miaka michache akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kiwanda kiliwapa nyumba ya chini, kikapanua milango na kubomoa kizingiti cha bafuni. Mzee Eckhard alishukuru kwa moyo wote. Hakujua kwamba ipo siku shukrani hiyo ingemfunga.

Sheria za soka la Ujerumani hazimruhusu tajiri kununua klabu kama anavyonunua lori. Wanachama ndio wenye kauli ya mwisho. Hollenkamp hawakuvunja sheria. Waliwaandikisha wafanyakazi wao uanachama, idara baada ya idara. Jioni ya tarehe 14 Novemba 2014 wanachama walijaa katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, waamue kama timu ikabidhiwe kampuni. Mwenyekiti, aliyeogopa kuzomewa, alimpa Mzee Eckhard karatasi ya azimio aisome yeye. Akaisoma kama alivyosoma kila kitu, taratibu, kwa sauti ileile iliyowatangazia mabao miaka yote.

Kisha ikaitishwa kura ya kuinua kadi. Kadi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Mkono mmoja ulishika kipaza sauti, mwingine karatasi, naye alikuwa amezoea kusimama wima mpaka aambiwe ashuke. Alipokumbuka kwamba yeye pia ni mwanachama, kura zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Azimio lilipita kwa tofauti ndogo mno.

Mlangoni alikutana na Bwana Jochen Brandt, rafiki yake tangu wakiwa wanagenzi kiwandani.

"Mwenyekiti ningemzomea," Bwana Jochen alimwambia. "Lakini ulikuwa unasoma wewe, Ecki. Nani atakuzomea wewe?"

Bwana Jochen hakumsemesha tena kwa karibu miaka saba. Mzee Eckhard hakujitetea. Kwamba hakupiga kura kabisa alimweleza mkewe peke yake, kwa maana aliona kusema "nilikuwa nimeshika kipaza sauti" ni aibu kubwa kuliko kupiga kura mbaya. Mkewe ndiye aliyemweleza binti yao, na familia imeona vema leo lisemwe wazi.

Rangi nyeusi na njano za Viktoria zikabadilishwa kuwa samawati ya pampu za Hollenkamp. Nusu ya mashabiki wa jukwaa la kaskazini waliondoka, wakaunda klabu yao ndogo inayocheza kwenye kiwanja cha manispaa, nyuma ya bustani za mboga. Waliobaki walitupa mipira ya tenisi uwanjani ili mechi isimame, na hilo lilipowachosha, wakanyamaza. Desturi ni mtangazaji kuita jina la kwanza la mchezaji, na jukwaa kuitikia la ukoo. Mzee Eckhard aliita jina la kipa, akangoja. Hakuna aliyeitikia. Aliita majina yote kumi na moja namna hiyo, akiyaachia nafasi yale ya ukoo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu.

Msimu uliofuata kampuni ilipata dawa yake. Walichukua kanda ya miaka ya nyuma, jukwaa likiwa limejaa, wakaipiga kwenye vipaza sauti kila alipoita jina. Hivyo marafiki zake waliokuwa hawamsalimii walimwitikia kila baada ya wiki mbili. Katika kelele zile aliweza kumtambua Bwana Jochen, ambaye siku zote aliwahi kidogo kuliko wenzake.

Alikwenda kuomba kuacha. Mkurugenzi, kijana mwenye adabu, alimpa kahawa.

"Mzee wangu, hakuna anayekulazimisha," alimwambia. "Ila ile nyumba, unajua mwenyewe, tunawawekea watu walio wa familia yetu."

Aliporudi nyumbani alisema kahawa ilikuwa nzuri. Bi Hannelore alimtazama, akaelewa.

"Waachie nyumba yao. Tutapata hata ghorofani. Utanibeba."

"Kwa mgongo upi?"

Wakacheka, na hawakulizungumza tena. Aliendelea kwenda uwanjani kwa njia ya nyuma, kando ya reli, asikutane na watu. Hata huko vijana walimvizia darajani wakamuuliza, "Mzee, leo umekuja mwenyewe au na wewe ni kanda?" Bintiye alipomuuliza siku moja kwa nini asiwaeleze watu habari za nyumba, alijibu kwamba hatamfanya mama yao kuwa kisingizio mbele ya mji mzima.

Bi Hannelore alifariki tarehe 9 Februari 2021. Baada ya mazishi, Mzee Eckhard alirudisha funguo za nyumba na kitambulisho cha uwanja kwa mpigo mmoja, akahamia chumba cha darini kwa Birgit. Agosti hiyo alikwenda kiwanja cha manispaa. Aliyeuza tiketi getini alikuwa Bwana Jochen. Mzee Eckhard aliomba tiketi ya mstaafu.

"Wazee wa Hollenkamp wanalipa bei kamili," Bwana Jochen alisema.

Alilipa. Alisimama peke yake nyuma ya goli, na mechi iliyofuata vivyo hivyo, kwa misimu miwili, akilipa bei kamili. Hakuna aliyempa kipaza sauti, naye hakuomba. Majina yalipoitwa aliitikia pamoja na wengine, kwa sauti ya chini.

Masika ya 2023 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi za darini. Madaktari walikuta mapafu yamekakamaa, wakasema hakuna la kurudisha nyuma. Alilazwa mwezi Desemba. Wiki moja kabla ya mwisho, Bwana Jochen aliingia wodini bila kubisha hodi, kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Haya, sogeza miguu nikae."

Alikaa mpaka wauguzi walipomtoa, akarudi kesho yake na kila siku iliyofuata. Mzee Eckhard alifariki alfajiri ya tarehe 17 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wawili, Birgit na Uwe. Mkwe mmoja, Holger. Wajukuu wawili, Friederike na Malte. Dada yake, Bi Irmgard. Na Bwana Jochen Brandt, aliyeomba jina lake liandikwe hapa, na alipoulizwa liandikwe kama nani, akasema liandikwe tu.

Mwenyezi Mungu amjalie baba yetu ile amani ambayo Jumamosi zilimnyima.