Kivuli cha Safu ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa malisho, mtaalamu wetu wa nyasi, ambaye sote tunamwita Bi Kivuli, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alikuja kijana, na swali moja tu: je, nyasi zikipungukiwa mwanga, mizizi yake hufyonza mbolea kama kawaida? Swali hilo lilitutesa sisi kuliko nyasi. Ilikuwa marufuku kivuli cha mtu kugusa trei zake. Kila asubuhi tulipita nje ya banda lake la vioo tumeinama kama wezi wa kuku, mkurugenzi akiwemo. Wageni walidhani ni heshima.

Kisha safu ya tatu ya trei ikamgomea. Mbolea ile ile, maji yale yale, lakini nyasi zilidumaa na mbolea ikabaki kwenye udongo. Mkurugenzi akatangaza kwamba asipopata maelezo ya kueleweka, banda litageuzwa stoo ya viti vibovu. Bi Kivuli akawaka. Alimshuku dereva, akamshuku mhasibu na mwavuli wake, akamkataza mpishi kuota jua ukutani. Mhasibu alinuna wiki nzima.

Wahenga hawakukosea: nyani haoni kundule. Aliyezikinga jua nyasi zile ni yeye mwenyewe, kila asubuhi, juu ya kigoda chake, akinywa chai na kuzitazama kwa mapenzi. Siku alipokiona kivuli chake juu ya trei, alituita sote, akakiri, akacheka hadi miwani ikaangukia kwenye trei. Na jibu lake akalipata papo hapo: hata kivuli cha muda mfupi, kikirudiwa kila siku, huitia mizizi uvivu. Banda likapona. Tangu hapo ameketi pale kila asubuhi kwa amri ya mkurugenzi, azitie nyasi kivuli kile kile, kama kifaa cha maabara.

Sasa anaondoka, na jaribio halijaisha. Tumetafuta mrithi: mhasibu ni mwembamba mno, dereva hatulii. Mwishowe seremala ametuchongea ubao wa umbo lake, pamoja na kilemba. Nyasi zimeridhika.

Sisi bado. Tunapita pale tumeinama, na hakuna wa kutukemea.

Asante sana, dada yetu. Mumeo ametuuliza kama aondoe kiti chake dirishani kabla hujaanza kukikemea kivuli chake, tumemshauri asibishane nawe. Tunakutakia afya, wajukuu wasumbufu na jua tele. Na siku ukija kututembelea, simama popote upendapo.