Ruta Inayoamka Mwaka Sabini

Benchi la nje ya saluni ya Kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi nyumbani. Alasiri hiyo, saa tisa na dakika kumi, umeme ulikatika, ukarudi, na ruta, kisanduku cha intaneti kilicho ukutani ndani ya saluni, ikawaka taa zote kijani bila intaneti hata ya kulamba. Kwenye chumba cha nyuma, binti wa Kinyozi alikuwa mbele ya kompyuta, kavaa blauzi ya kuazima. Saa tisa na nusu anahojiwa kazi kwa video, na bando la simu mtaa ule linatosha kusoma maandishi, basi. Kinyozi akatoka mbio, mteja kamwacha na nusu kichwa.

— Jamani, mtoto wangu anakosa kazi hivi hivi!

— Data zimebanana mlangoni, alisema Profesa, fundi viatu aliyeishia darasa la sita akajitunuku cheo. — Zote zinataka kutoka kwa mpigo mmoja.

— Ipige kofi, alisema Breki, dereva mstaafu wa lori. — Redio yangu haielewi lugha nyingine.

— Tulieni, wazee wangu.

Huyo ni Dada Chaji, fundi simu wa kibanda cha jirani, macho kwenye simu yake.

— Watengenezaji wa ruta wameweka orodha: matatizo yanayojulikana na namna ya kuyakwepa.

— Wameandika wenyewe? Breki alishtuka. — Nimenunua magari manne maishani, hakuna muuzaji aliyenitajia ubovu hata wa kioo!

— Wameandika arobaini na tatu. La kwako hili, Kinyozi. Ruta haina betri ya saa. Umeme ukikatika, inaamka ikidhani ni tarehe mosi Januari, mwaka sabini, saa sita usiku. Na wewe si uliipangia ifunge intaneti usiku?

— Watoto wa jirani walikuwa wanakesha nayo!

— Basi inakutii. Kwake ni usiku wa manane.

Wote wakageuka kuitazama pale ukutani, kama mgeni aliyefika kutoka mbali bila mzigo.

— Si ichukue saa mtandaoni? aliuliza Kinyozi.

— Mtandao ndio imeufunga. Ikikosa saa, haifungui. Isipofungua, haipati saa.

Profesa akavua kofia.

— Kumbe humo ndani bado ni mwaka sabini! Tukituma ujumbe sasa hivi, unawafikia watu wa wakati ule.

— Acha uongo, mdogo wangu, alisema Breki.

— Kaka, taa si zinawaka? Kuna mtu anapokea!

Breki alizitazama zile taa.

— Mwaka sabini mama alikuwa ananibeba mgongoni, alisema. — Mwambieni nimestaafu salama.

Hakuna aliyecheka.

— Namna ya kukwepa, Dada Chaji alisoma, — mtu aiambie saa kwa mkono.

Mashine inayoongea na dunia nzima, inamsubiri kinyozi aiambie ni saa ngapi! Kinyozi alifungua mipangilio kwenye simu yake, vidole vikiteleza kwa mafuta ya nywele, akaandika tarehe ya leo, saa tisa na dakika ishirini na nane. Chumba cha nyuma kikalia *ting*.

Benchi zima likahamia dirishani, likabana pumzi. Sauti ya mama mmoja asiyejulikana ikatoka kwenye kompyuta:

— Karibu. Tuanze na swali rahisi. Udhaifu wako ni upi?

Profesa akakagua viatu vyake. Kinyozi alishamjibia moyoni: hana, mwanangu hana hata mmoja.

— Naona aibu kuuliza nisichokijua, binti alisema taratibu. — Kwa hiyo naandika maswali yangu kwenye daftari, na najilazimisha kuuliza matatu kila siku kabla ya saa sita mchana.

Kinyozi akashika fremu ya dirisha. Miaka ishirini na mitatu amewatambia wateja kwamba mtoto wake haulizi kitu, anajua tu.