Sahihi ya Pili katika Zahanati ya Naserian

Mgeni rasmi, Daktari Githongo, mganga mkuu wa wilaya yetu, Chifu Sankale, akina mama mliofika na watoto wa chanjo, wageni kutoka Kajiado na Bisil: sopa oleng.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Zahanati ya Naserian tuna furaha kubwa kukupokea leo, tarehe 14 Agosti 2003, unapokuja kututundikia ukutani kanuni mpya za kutoa dawa. Utusamehe kwa vumbi la njiani. Ndilo humpokea kila mgeni hapa, na wageni wenyewe si wengi. Gari la wilaya lilifika mara ya mwisho mwezi wa pili, likakuta tumeenda kuchota maji, likaondoka. Tuliporudi tukaona alama za magurudumu tu. Tulizitazama kwa muda mrefu.

HISTORIA

Zahanati ilifunguliwa mwaka wa 1991. Tabibu Muteti aliandika dawa, Sista Virginia alizitoa, na Mukonyo, binti aliyetoka Kitengela na cheti kipya cha uuguzi, alihesabu vidonge. Langoni alikuwa Mzee Tajeu. Chumba cha dawa kilikuwa na vicheko mpaka wagonjwa wakalalamika. Sista Virginia alikuwa na utaratibu wake: mmoja asome lebo kwa sauti, mwingine aseme "Nimesikia," ndipo dawa itoke.

Mwaka wa 1997 Tabibu Muteti alihamishiwa Kiserian. Mwaka wa 1999 Sista Virginia alistaafu. Tuliambiwa wa kujaza nafasi zao wako njiani. Barabara ya Namanga ni ndefu, lakini si ndefu kiasi hicho.

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, ukisikia "sisi wafanyakazi," usitafute wengine nyuma ya pazia. Ni mimi Mukonyo Katee ninayesoma, na yule mzee mwenye rungu pale langoni. Risala haijui kusema "mimi," nasi tumezoea.

MAFANIKIO

Tangu mwaka huo wa 1999 hakuna mgonjwa aliyepewa hapa dawa isiyo yake. Hatujisifu. Ni kwa sababu bado tunasoma lebo kwa sauti, hata kama chumba ni kitupu. Mwanzoni tulikuwa tunanyamaza kidogo baada ya kusoma, kama vile kuna mtu atajibu. Siku moja Mzee Tajeu, ambaye hajui kusoma, akachungulia dirishani.

"Sista, kila siku nasikia wewe unaongea na chupa. Wewe sema na nguvu. Mimi niko hapa, nitaitikia."

Ameitikia hadi leo. Siku ya mnada akienda Bisil na mbuzi wake, hatujibiwi, na siku hiyo huwa ndefu sana. Upweke hauna fomu ya kuuagizia dawa, Mgeni rasmi. Tungekuwa nayo tungeshaijaza.

CHANGAMOTO

Kanuni ya saba, utakayoitundika leo, tunaijua; imekuwa ikitufikia kwa barua tangu mwaka wa 2000. Inasema dawa ya kabati la ndani au ya friji haitatoka bila sahihi mbili, za wahudumu wawili waliosajiliwa. Ni kanuni nzuri. Sista Virginia angeipigia makofi. Ila aliyeiandika alidhani kila zahanati ina watu wawili.

Oktoba 2001 mama mmoja alijifungua hapa mchana na damu ikakataa kukoma. Sindano ya kuizuia ilikuwa kwenye friji ya gesi, na ufunguo ulikuwa shingoni mwetu. Tukafuata kanuni. Tukamtuma mtu kwa baiskeli hadi Bisil amlete tabibu atie sahihi ya pili. Tabibu alifika saa kumi. Mama alikata roho saa tisa. Rejista ya siku hiyo haina kosa hata moja. Tumeisoma mara nyingi tukitafuta kosa, na kukosa kuliona ndiko kunakotuumiza hadi leo.

Mwezi wa sita mwaka huu ikawa mama mwingine, Resian, hali ile ile. Hatukutuma baiskeli. Tulimwita Mzee Tajeu, tukamshikisha kile kichupa, tukamsomea jina, kipimo na tarehe.

"Umeangalia mzuri?"

"Nimeangalia, mzee."

"Angalia tena."

Tukaangalia tena. Akasema amesikia, akakitemea mate kidogo ya baraka kama wafanyavyo wazee wa hapa, tukakifuta kwa spiriti. Kisha akaweka dole gumba kwenye nafasi ya sahihi ya pili. Resian ameketi pale mbele. Huyo mtoto anayenipigia kelele ni wake.

Rejista tuliileta ofisini kwako kama kawaida, bila kuficha kitu. Ikajibiwa kwa barua yenye sahihi yako, ikitutaka tueleze katika siku kumi na nne kwa nini tusifutwe kazi kwa kumfanya mlinzi shahidi. Leo ni siku ya kumi na tatu. Maelezo yetu ndiyo haya uliyoyasikia.

OMBI

Tulikuwa na maombi manne. Tangi, paa na redio ya mawasiliano tumeyafuta. Tunaomba mtu mmoja. Awe msemaji au mnyamavu, wa popote, mradi amesajiliwa na anaweza kusema "Nimesikia." Na kama ni lazima Mukonyo aondoke, tunaomba waletwe wawili, asije mwingine akakaa hapa peke yake.

La mwisho ni la leo. Kwenye benchi la pili ameketi Zipporah, ambaye msichana wake ana kifafa. Vidonge vyake viliisha Jumatatu, na mtoto ameanguka mara mbili. Alikuja jana, amekuja leo. Vidonge viko kwenye kabati la ndani, lakini tangu barua yako hatujathubutu. Sahihi ya kwanza iko tayari. Sasa hivi, Daktari, ndani ya ua huu kuna wahudumu wawili waliosajiliwa. Kabla ya chai na kabla ya msumari wa ubao, tunakuomba uingie nami chumba cha dawa. Mimi nitasoma lebo. Wewe uitikie.

Mungu akulinde barabarani, na Enkai aipe Kajiado mvua.

Ni sisi, wafanyakazi wa Zahanati ya Naserian:

Mukonyo Katee, muuguzi.

Tajeu, mlinzi, kwa dole gumba. Alisomewa risala hii yote kwa sauti, akasema, "Nimesikia."