Historia ya Marehemu Mzee Fyuzi, Fundi wa Taa za Mapambo

Ndugu waombolezaji, mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Fyuzi, alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa kitandani katika wodi ya wanaume, nami nimemshika mkono, saa ya ukutani ikiwa mbele yangu. Naitaja saa hiyo kwa sababu tangu juzi nimesikia, hata hapa uani, kwamba alifia ukumbini siku ya Jumanne, kwamba aliuawa na taa alizozifunga mwenyewe, na kwamba binti yake alimwacha sakafuni akakimbilia swichi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu, mchoraji wa mabango, na mama yetu, mshonaji. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza mwaka 1975, akasomea ufundi wa umeme, kisha mwaka 1979 akaajiriwa katika jumba la sinema, alikokaa hadi lilipofungwa mwaka 1996, ndipo akaanza kujitegemea. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa wavulana wawili, na mwaka 1992 binti, ambaye peke yake alifuata kazi ya baba.

Kuanzia mwaka 2011 alijikita katika taa za LED, zile nukta ndogo zinazopangwa kwa mamia kwenye uzi mmoja na kubadili rangi kwa amri ya kompyuta. Umeme wake ni wa volti tano tu, ndiyo maana watu huudharau, lakini nukta zote zikiwaka nyeupe kwa pamoja huvuta mkondo mkubwa, na waya mwembamba huchemka. Hilo alijifunza kwa kosa lake, na aliniomba lisifichwe: mwaka 2014, katika harusi ya mpwa wetu, aliweka fyuzi moja kubwa kwa nyaya zote, waya mmoja ukachubuka na kugusana na mwingine, fyuzi isikatike kwa kuwa ilistahimili mkondo mkubwa kuliko waya wenyewe, na pazia nyuma ya maharusi likashika moto. Hakuna aliyeumia, ila shangazi wa bwana harusi, aliyeuzima kwa jagi zima la juisi, alimwambia, "Baba, tuliomba mwanga, hatukuomba tanuri." Jina la Mzee Fyuzi lilianzia hapo, kwa dhihaka, naye akalivaa.

Tangu siku hiyo kila tawi la waya lilipata fyuzi yake, karibu na chanzo cha umeme, ya kukatika kabla waya haujaungua, tawi refu akalilisha umeme kutoka ncha zote mbili ili nyeupe ya nukta za mwisho isififie ikawa nyekundu, na kabla ya kukabidhi kazi aliwasha nukta zote nyeupe, akaenda kunywa chai, akarudi kuzipapasa nyaya kwa mgongo wa mkono. Mwenye duka mmoja alipochoka kusubiri, akasema, "Fundi, vitaa hivi havimrushi hata mende," alijibiwa, "Hatarushwa, bwana, ataokwa."

Kwa binti yake alikuwa na sharti moja kali, kwamba mtu akianguka penye nyaya asiguswe kabla umeme haujakatwa, hata akiwa baba mwenyewe, kwa maana kisanduku kinachotoa volti tano kinakula umeme wa ukutani, na huo huua.

Moyo wake ulianza kudhoofu mwaka 2022. Jumanne, tarehe 4 Machi, yeye na binti yake wakifunga tao la taa ukumbini kwa ajili ya mahafali, alianguka, binti akakata umeme, kisha akapiga magoti kumhudumia, na waliokuwa mlangoni, walipoona giza na mtu sakafuni, wakajijazia yaliyobaki. Hospitalini daktari alimkagua mwili mzima, hakukuta alama yoyote ya kuungua, akathibitisha kwamba ni moyo. Jumatano marehemu alimuuliza binti yake, "Ulikata?" Akasema, "Nilikata, baba, nisamehe, nilikuacha chini." Akamwambia, "Ungenishika kwanza, ningekuanzishia ugomvi humu humu wodini," mwenyewe akacheka hadi muuguzi akaja kumtuliza.

Wapo katika ukoo waliotaka vifaa viuzwe na binti atafutiwe kazi nyingine. Kama mkubwa wa familia natamka mbele yenu kwamba vifaa ni vya binti huyo, na tao la ukumbini atalimaliza yeye, Jumamosi ijayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutulazia wageni, na mafundi wenzake mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza. Mdogo wangu, mtoto hakukuacha hata kidogo, nenda ukapumzike kwa amani.