Chumba cha Mbele

Kwenye basi la Kumasi kwenda Techiman, Amponsah alimweleza mwanamke aliyekaa naye, ambaye hakumjua hata jina, kwamba amejenga vyumba vinne vya kupangisha na havina paa. Benki ilitaka riba ya kumchuna mtu ngozi.

"Benki ya nini, kaka yangu?" akasema yule mama, ambaye alikuwa na nyumba mbili za kupangisha na hakuficha. "Chukua kwa wapangaji wanne kodi ya miaka miwili mbele, uezeke. Sote tumejenga hivyo."

"Wapangaji watatu. Chumba cha mbele ni cha mama yangu."

"Analipa?"

"Ananisimanga."

Mwanamke akacheka. "Kodi ya watatu itaishia kwenye mbao, mabati yatabaki dukani. Pangisha na hicho. Miaka miwili ikiisha, mama ataingia."

Mama yake Amponsah hakuwa na umri wa kuahidiwa miaka miwili. "Ameshapeleka kiti chake," Amponsah alisema taratibu. "Kila jioni anakaa humo, anatazama mawingu."

"Bila paa?"

"Anasema ni kwake."

Mwanamke akamgawia ndizi ya kuchoma na karanga, wakala mpaka basi likasimama.

"Chukua mpangaji mmoja," akasema, akivuta mkoba wake. "Ezeka viwili, chake na cha mama. Hivyo vingine vinyeshewe."

"Hiyo sasa si biashara, dada."

"Nani kakwambia ni biashara? Shuka, unazuia watu."